Safu ya Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Unga umefeli tena. Mara ya tatu! Nimepima kwa mkono wangu, nimebana vifuniko kwa mkono wangu, vilele vya mchoro wa mashine kwenye karatasi vimesimama wima bila mkia — na hesabu bado iko chini. Methoksi asilimia ishirini na sita na ushee, na haitakiwi kushuka chini ya ishirini na nane. Ile ya pili, haidroksipropoksi, naona haya hata kuiandika.

Mapipa yote yamebandikwa karatasi nyekundu. Mashine ya kuvisha vidonge imezimwa, na watu wa uzalishaji wanapita dirishani kwetu wakituangalia kama tumewafichia funguo.

Mkuu wa maabara tunamwita Desimali. Ukimwuliza hali ya mkewe, atakujibu kwa nukta. Leo hakutaja nukta yoyote. Alisoma matokeo yangu, akakunja karatasi, akasema wifi yangu arudie kesho. Wifi yangu! Niliyemwombea kazi mimi, nikamfundisha mimi, hata namna ya kuvaa glavu bila kuzichana.

Nyumbani mume wangu akauliza huo unga una nini hadi ninunie chakula. Nikamweleza. Ni selulosi ya miti iliyofungiwa makundi ya kemikali, hiyo methoksi na mwenzake. Ndiyo inayovaa kidonge kama koti. Makundi yakipungua, koti halifanyi kazi yake. Kwa hiyo tunaupika unga na asidi kwenye vichupa vilivyobanwa, saa nzima, joto mia na thelathini. Makundi yanang'oka, tunayachota na sindano, mashine ya gesi inayahesabu. Akasema kumbe na huko napika. Nikacheka kwa meno tu.

Jumanne, 4 Machi

Wifi kapata ishirini na nane na nusu. Unga umepita.

Pipa lile lile. Chupa ya asidi ile ile. Mashine ile ile. Desimali akamwambia mbele ya watu wote kwamba ana mkono mtulivu. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikajifanya hamnazo. Mwenzetu mmoja wa meza ya kupimia maji akakohoa kile kikohozi chake cha kejeli.

Wifi alinifuata kwenye beseni. Akasema labda ni bahati tu, wifi, usijali. Usijali! Mtu wa miezi mitano kazini ananiambia nisijali. Bado yuko kwenye kipindi cha majaribio huyu, mkataba wake hata wino haujatiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa mashine kaja. Kafungua mlango wa sindano, kabadilisha kile kibomba cha kioo, kakata ncha ya mrija mrefu, kaweka mpira mpya. Nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Nilikuwa naomba — nisidanganye hapa — nilikuwa naomba aikute mashine imeoza. Tungi la gesi linavuja, mrija umeliwa na asidi, chochote.

Alifuta mikono, akasema mashine ni nzima, mama, labda mngeangalia vitu vinavyoingia humo kabla ya kuilaumu. Akamtazama Desimali. Desimali akanitazama mimi.

Nimebadilisha kila kitu. Asidi mpya, ile ya zamani ilikuwa imeanza kuwa rangi ya chai. Vifuniko vipya. Nimepima uzito wa kila kichupa kabla na baada ya kupika ili kuona kama kimevuja. Hakuna kilichovuja. Unga nimeukausha. Matokeo: ishirini na sita na robo.

Kichwa kinaniuma upande mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Desimali ametutolea unga wa zamani, ule uliopimwa na maabara tatu ukajulikana kila kitu chake. Kila mmoja apike wake.

Wifi kaupata sawasawa. Mimi nimekosa.

Basi. Hapo hakuna tena cha kusingizia pipa. Kasoro ni mimi.

Miaka kumi na nne niko kwenye meza hii. Nimewapimia vidonge watu nisiowajua, sijawahi kurudishiwa hata kimoja. Leo nimerudi nyumbani nimebeba mkoba kama mgeni anayetafuta nyumba.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imejaa. Wifi na mtoto wake wanalala chumba cha wanangu tangu yule mwanamume wake alipomkimbia. Mama mkwe ana chumba chake. Mimi na mume wangu tuna chetu, na ukuta ni mwembamba.

Mchana mama mkwe akamsifu bintiye mezani. Akasema amesikia anawashinda hata waliomtangulia. Hakunitazama. Vijembe vya mama mkwe havina haja ya macho. Wifi akainama, akamwambia mama, acha basi, wifi ndiye aliyenifundisha. Ndipo ikanichoma zaidi! Angejisifu ningemchukia kwa raha.

Akaongeza kwamba amepata chumba cha kupanga, karibu na shule ya watoto wadogo. Akithibitishwa kazini mwisho wa mwezi, anahama. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alimwonyesha mama kwa mikono kitanda kitakaa wapi, na mtoto akawa anapima naye kwa vijiko.

Mume wangu akajipakulia tena. Yeye kati ya mama, dada na mke huwa anakuwa na njaa ghafla.

Jumatatu, 10 Machi

Desimali kaniita ofisini, hiyo ofisi yake mpya ya vioo waliyomjengea Februari kwa kukata kipande cha maabara yetu. Akafunga mlango. Nikajua.

Alianza mbali. Miaka yangu, uaminifu wangu. Nikasema moyoni, huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha akaja kwenyewe: kile cheo cha mkuu wa meza, alichoniahidi tangu mwaka juzi, kinatolewa mwezi huu. Na wakubwa wanauliza. Akasema mikono huchoka, si aibu, na stoo wanahitaji mtu makini wa kuchota sampuli kwenye mapipa.

Stoo. Na koleo la kuchotea, na vumbi, na barakoa kutwa.

Nikamwuliza na mezani atabaki nani. Akasema wifi yako akithibitishwa, tutamkuza taratibu.

Sikulia pale. Nililia chooni, nikanawa, nikatoka na uso wa mbuzi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekuwa nikimtazama wifi kwa jicho la pembeni siku nzima. Anapima unga. Anaandika. Anabana. Anatabasamu peke yake. Mtu wa miezi mitano hakosei hata mara moja? Unga wa zamani una jibu lake kwenye faili, kila mtu analijua. Mtu akijua jibu, kulipika ni kazi ya dakika — unasogeza uzito kidogo kwenye hesabu, basi.

Sina ushahidi. Nina hakika tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema.

Nilikwenda kwa Mama Ubora, yule mkubwa wa ghorofa ya juu asiyecheka, ambaye hata Desimali humwamkia mara mbili. Nikamwambia nina wasiwasi na matokeo ya mwenzangu. Ni mazuri kupita kiasi. Nikasema hivyo hivyo, kwa upole, kama mtu anayeumia kusema. Akauliza, unamaanisha anapika matokeo? Nikasema mimi sijasema hivyo. Akasema, lakini ndicho unachomaanisha. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulitosha.

Akanishukuru. Akasema inahitaji moyo kumsema mtu wa nyumbani kwako.

Nilishuka ngazi miguu ikiwa myepesi. Leo nimekula vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi kaondolewa mezani. Hajafukuzwa, la. Amesimamishwa kupima mpaka Jumanne, ambapo yeye na mimi tutapika mbele ya Mama Ubora, unga tusioujua, bila kuambiwa jibu. Akikosea, mkataba hakuna. Na jina lake litaandikwa mahali ambapo maabara nyingine zinauliza.

Hakuambiwa nani amesema. Kutwa amefuta rafu na kupanga vyupa. Kwenye gari la wafanyakazi alikaa karibu nami, akaninong'oneza, "Wifi, nani ananichukia hivi?" Nikamwambia ajikaze, mambo yatapita. Akaniegemea bega hadi tunashuka.

Mama mkwe hakula usiku. Mume wangu akaniambia, wewe ni mkubwa kule, mtetee dada yangu. Nikasema nitaona la kufanya.

Ijumaa, 14 Machi

Ee Mungu wangu.

Ngoja niandike vizuri.

Saa ya chakula, ambayo Ijumaa huwa ndefu kwa ajili ya swala, nilibaki peke yangu. Nilitaka kufanya mazoezi ya Jumanne. Nikawasha jiko — ndivyo tunavyoliita lile bonge la chuma lenye matundu ambamo vichupa hukaa vikichemka. Nikaweka vyangu safu ya nyuma. Safu ya nyuma ni yangu. Kabla yangu ilikuwa ya yule bibi aliyenifundisha, na kabla yake ya mwingine. Kichupa kikipasuka, asidi huruka mbele. Kwa hiyo wageni wanakaa mbele, wakubwa nyuma. Haijaandikwa popote. Hakuna mtu angethubutu kuweka kichupa chake kwenye safu yangu, na mimi nisingekubali kuonekana mbele na wanafunzi.

Nilipoinama kuweka cha mwisho, nywele zikanipepea shingoni.

Nikanyanyua kichwa. Kiyoyozi. Walipojenga ofisi ya Desimali mwezi uliopita walikihamisha ukuta huu, na sasa kinapuliza moja kwa moja mgongoni mwa jiko. Nikasimama pale kama nimepigwa kofi. Kipimajoto chetu kimechomekwa tundu la mbele siku zote, ndipo panaposomeka kirahisi. Nikakichomoa. Nikakiweka nyuma. Nikasubiri.

Mbele, mia na thelathini. Nyuma, mia na kumi na nne.

Nikarudia. Mia na kumi na nne. Labda upepo, labda na waya wa joto wa upande ule umechoka, labda vyote viwili. Asidi kwenye safu yangu haichemki inavyotakiwa, makundi yanabaki kwenye unga, mashine inahesabu kilichopo. Fundi alisema kweli. Unga ni mzuri. Mkono wangu ni mzuri!

Nilicheka. Kweli nilicheka, peke yangu, nimeshika kipimajoto. Nikapika vichupa viwili safu ya mbele kuhakikisha. Ishirini na nane na nusu. Ile ile ya wifi.

Ile ile ya wifi.

Kicheko kiliisha hapo.

Nikarudisha kipimajoto tundu la mbele. Vichupa viwili nimevitupa kwenye taka za asidi, sikuviandika popote.

Jumamosi, 15 Machi

Nitamwambia Desimali Jumatatu. Jambo rahisi: mheshimiwa, jiko halina joto sawa, tuite fundi. Kila mtu anapona. Wifi anarudi mezani, mimi sina kasoro, unga unatoka.

Halafu Mama Ubora atauliza: na lile ulilokuja kuniambia ofisini kwangu? Atauliza tu, yule hasahau. Na Desimali atamwambia mwingine, na kikohozi cha meza ya maji kitakuwa wimbo. Na mume wangu atajua. Na mama mkwe! Nitaishi ndani ya nyumba ile na mama mkwe anajua.

Nimefua mapazia yote leo. Hayakuwa machafu.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa nimeamua kuanzia nyumbani. Nilimwita wifi jikoni tukiwa wawili, nikafungua kinywa. Mama mkwe akaingia kuchukua maji. Akasimama, akanitazama safari hii, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: mwanangu hajawahi kukosa mtu wa kumwonea wivu, hata shuleni ilikuwa hivyo. Akatoka na maji yake.

Pengine hakunilenga. Pengine anajua. Wifi akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikamwambia nilitaka kumkumbusha akaushe unga vizuri Jumanne.

Akaniambia asante. Akasema tangu Alhamisi hajalala, na mwenye chumba anataka jibu. Akasema, "Bila wewe wifi, ningekuwa nimeshaacha mwenyewe."

Naandika haya nimefunga mlango. Kuna saa namchukia kwa kunipenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikwenda ofisini kwa Desimali. Nilikaa kwenye kiti. Kabla sijasema kitu akasogeza karatasi mbele yangu — barua ya cheo, jina langu, bado saini tu. Akasema Mama Ubora amependa ujasiri wangu. Yakithibitika Jumanne kwamba tatizo lilikuwa upande ule mwingine, anatia saini jioni ile ile. Kisha akauliza, ulikuwa unataka kuniambia nini?

Nikasema nilitaka kuuliza kesho tunaanza saa ngapi.

Jumanne, 18 Machi — chumba cha chai

Saa nne kasoro. Jiko limewashwa, vichupa vimo, kifuniko cha jiko kimeshushwa. Saa nzima ya kusubiri, na katikati yake dakika ya thelathini tunafungua, tunatikisa, tunarudisha. Mama Ubora amekaa kwenye kiti kirefu mkabala na jiko, mikono kifuani. Mimi nimeomba ruhusa ya maji.

Niandike lilivyokuwa, haraka.

Tulipima. Wifi alimwaga unga mara moja, akaanza upya. Tukatia asidi, tukabana. Desimali akahesabu vichupa, sita vyangu, sita vyake. Tukafika kwenye jiko. Wifi akaenda mbele kama kawaida, akaanza kuinama.

Nikamwambia, "Wifi, leo weka vyako nyuma."

Akanitazama. "Nyuma? Pale si pako?"

"Leo pako. Mimi nitakaa mbele."

Sikupanga. Nasema kweli, sikuwa nimepanga — au kama nilipanga sikujiambia. Nilikuwa nimelala na nia ya kumwambia Mama Ubora, kipimajoto hiki kihamishwe kwanza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yakatoka hayo mengine.

Machozi yalimlenga. Yeye anajua safu ile maana yake nini, nilimweleza mwenyewe siku yake ya kwanza, nikijivuna. Alipanga vichupa vyake kimoja kimoja kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anaweka vyombo kwenye kabati la mtu. Desimali akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia Mama Ubora unaona, hivi ndivyo wafanyakazi wanavyotakiwa kuwa. Mama Ubora akafungua daftari lake. Akaandika.

Kiyoyozi kinavuma. Hakuna anayekisikia isipokuwa mimi.

Bado inawezekana. Nikisema sasa, wanazima jiko, tunapika upya mchana, ni asidi tu imepotea. Baada ya saa nzima itakuwa karatasi yenye vilele na hesabu, na karatasi haiombwi msamaha. Ninasimama sasa hivi. Namaliza sentensi hii nasimama.

Wifi kaingia. Kasimama mlangoni, kaniletea glavu zangu, kazigeuza tayari vidole viko nje nizivae haraka. Uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kasema dakika thelathini zimefika, wamefungua kifuniko, Mama Ubora anatusubiri tukatikise. Kasema jana alimwambia mama asiwe na hofu, wifi yupo.

Kisha kauliza, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayeona haya kuuliza:

"Wifi, vyako vya mbele vinachemka vizuri. Vyangu kule nyuma vimetulia tu. Ndivyo vinavyokuwaga?"

Nimemwambia ndiyo. Nyuma ndivyo vinavyokuwaga.

Kashusha pumzi. Kasema asante, alianza kuogopa. Kanishikia mlango.